Kiwiliwili Kisicho na Mabawa Pale Monino

Anayeingia Makumbusho Kuu ya Jeshi la Anga pale Monino, kilomita kama 40 mashariki ya Moscow, hahitaji kuonyeshwa pa kuanzia. Tu-144, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti kabla hata ya Concorde, inajitambulisha yenyewe kwa pua yake ndefu. Helikopta ya Mil V-12, kubwa kuliko zote zilizowahi kuruka duniani, imesimama na mapangaboi yake mawili, moja kila upande. Sukhoi T-4, iliyoundwa kwa titani na chuma cha pua ili istahimili joto la kasi mara tatu ya sauti, nayo ipo. Mpenzi wa ndege huzitaja kwa majina kabla hajakifikia kibao.

Halafu kuna kitu kilicholala majanini, ambacho wageni wengi hukipita wakidhani ni kipande cha ndege nyingine. Mbele kina pua na vioo vya chumba cha rubani kama jeti yoyote ile. Nyuma ya shingo, mwili unapanuka ghafla, unakuwa bapa na mnene, hata usijue unatazama tumbo la ndege au bawa lililokatwa. Mabawa yenyewe hayapo mahali pake. Ubavuni mna namba 10687, pamoja na jina la Aeroflot, shirika la ndege la kiraia, kwa herufi za Kirusi, ingawa chombo hicho hakikuundwa kubeba abiria hata mmoja.

Mbele ya kiwiliwili hicho ndipo alipofika mhandisi mmoja mstaafu wa Tanzania, akiwa na mpwa wake anayesomea udaktari Moscow. Mhandisi huyo ni mzaliwa wa Lindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipelekwa kusoma Kiev, kwenye chuo cha wahandisi wa usafiri wa anga, na injini aliyofundishiwa kuifungua na kuifunga ilikuwa D-30, ile iliyokuwa ikiisukuma Tu-134. Katika miaka yake yote ya uanafunzi, Monino ilikuwa jina tu. Makumbusho yalikuwapo tangu 1958, lakini yalikuwa ndani ya eneo la jeshi na mgeni hakuruhusiwa kukanyaga. Kwa hiyo mpwa alipomwandikia kwamba siku hizi mtu analipa kiingilio na kuingia, hakusubiri kubembelezwa.

“Mjomba, hii nayo iliruka?” kijana aliuliza, mkono tayari ukienda mfukoni kutafuta simu.

“Iache simu kwanza. Niambie unachokiona, ndipo tujue kama iliruka.”

Hayo ndiyo mafunzo ya Kiev. Mwalimu wao wa miundo ya ndege alikuwa na desturi ya kuweka mezani kipande cha ndege kisicho na jina wala namba. Hakuuliza kinaitwaje. Aliuliza kilibeba mzigo gani, mzigo ule ulitoka wapi na ulipelekwa wapi. Bolti nene mahali ambapo nyembamba ingetosha ina sababu yake. Mbavu mbili zilizobanana mahali pamoja zina sababu yake. Mwanafunzi aliyejibu maswali hayo vizuri aliishia kulifikia jina mwenyewe, na hata asipolifikia, alikuwa amekwisha kukijua kitu kuliko yule aliyekariri jina peke yake.

Wakaanza chini. Mhandisi alitaka mpwa wake atazame tumbo, akamweleza kwa nini. Baba yake, utotoni pale Lindi, aliziona ndege za kutua majini za Imperial Airways, zile Short Empire zilizoanza mwaka 1937 kusafiri kutoka Southampton hadi Durban, zikigusa Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mzee alikuwa akisema tumbo la ndege zile lilikuwa na mkuku kama jahazi. Ndivyo lilivyokuwa kweli, na halikuwa pambo. Ndege inapokimbia juu ya maji ili ipae, maji huing’ang’ania kwa chini. Ndiyo maana, zaidi ya mkuku, waundaji huweka kidato katikati ya tumbo, mahali ambapo maji hukatika na hewa ikaingia, ndege ikajinasua. Pale pale Monino ipo Be-12, ndege ya majini iliyoundwa Taganrog na kuruka mara ya kwanza mwaka 1960, yenye mabawa yaliyopinda kama ya shakwe. Mkuku wake na kidato chake vinaonekana wazi. Kijana alikwenda kuitazama, akarudi kwenye kile kiwiliwili, akainama.

“Hapa hakuna mkuku, Mjomba. Kidato pia sikioni.”

“Basi kama ni cha majini, hakikukusudiwa kukimbia juu ya maji. Sasa kingepaaje?”

Hapo ndipo utambuzi unapoanza kuwa kazi ya akili. Chombo kisicho na tumbo la kukimbilia majini lazima kiwe na njia nyingine ya kuondoka, na njia iliyobaki ni moja: kunyanyuka wima. Kunyanyuka wima kunataka nguvu inayosukuma chini, tena katikati, karibu na kitovu cha uzito, ama sivyo chombo kitapinduka. Na ule upana wa katikati, ambao kwa mbali unaonekana hauna maana, unaanza kupata maana. Pale palitengwa nafasi ya kitu kikubwa, kingi, kinachopuliza kuelekea ardhini. Tena kingo zake za ubavuni, ndefu na zilizonyooka, zinaonyesha kwamba kulikuwa na vitu virefu vya kufungwa huko ili chombo kielee kikishatua. Hakuna hata kimoja cha kumsaidia mwenye haraka, lakini vyote kwa pamoja vinasimulia.

Mzee mmoja wa makumbusho, askari wa anga aliyestaafu, alikuwa akiwatazama kwa muda. Kijana alimsalimu kwa Kirusi cha chuoni kwake, mzee akafurahi, akawapa jina: VVA-14. Kazi ya Bartini. Watu wa Taganrog, alisema, walikiita Zmey Gorynych, joka la ngano za Kirusi lenye vichwa vitatu.

Hiyo namba 14 ni hesabu ya injini. Mbili zilikuwa za kusukuma mbele, D-30M, zilizofungwa juu ya mgongo kwa nyuma, mbali na maji yanayoruka. Mhandisi aliposikia D-30 alicheka kwa furaha, maana ni ndugu wa ile injini aliyoijua kwa mikono yake. Kumi na mbili zilizobaki zilikuwa za kunyanyua, RD-36-35PR, za kukaa ndani ya ule mwili mpana zikiwa zimesimama wima. Kila moja ilikusudiwa kutoa msukumo wa kilo 4,400. Zidisha mara 12, unapata kilo 52,800. Uzito wa juu wa ndege wakati wa kuruka uliwekwa kilo 52,000. Anayezipanga tarakimu hizo mbili pamoja anaona jinsi wasanifu walivyokuwa wakitembea kwenye ukingo mwembamba: tofauti ni kilo 800, na moja tu kati ya injini kumi na mbili ikidhoofika, ziada yote imekwisha.

Wazo lenyewe halikuwa la ajabu kwa wakati ule. Ufaransa ilikuwa na Mirage III V yenye injini nane za kunyanyua, na Ujerumani Magharibi iliirusha Dornier Do 31 mwaka 1967 ikiwa pia na injini nane za kazi hiyo kwenye ncha za mabawa. Wote walijifunza jambo moja: injini inayofanya kazi dakika chache za kupaa na kutua inabebwa safari nzima kama mzigo. Bartini aliongeza ugumu mwingine juu ya huo, bahari.

Kwa nini mtu ajitwishe taabu yote hiyo? Jibu liko chini ya maji. Mwaka 1960 nyambizi ya Marekani USS George Washington ilianza doria ikiwa na makombora 16 ya Polaris, yenye kufika zaidi ya kilomita 2,000 yakiwa na vichwa vya nyuklia. Nyambizi ya namna hiyo haihitaji kukaribia pwani ya adui, na kuitafuta baharini ni kazi ya kuchosha. Ndege za doria huruka saa nyingi zikidondosha vifaa vya kusikiliza, kisha mafuta yanakwisha, zinarudi. Ndege za kawaida za majini zinaweza kutua, lakini bahari ya wazi haina adabu; mawimbi yakiwa makubwa, kukimbia juu yake ni kujivunja. Bartini alifikiria chombo kitakachofika haraka kwa mabawa, kishuke wima mahali popote baharini, kijaze maboya yake upepo, kizime injini na kuelea kikisikiliza, kisha kinyanyuke na kuhamia mahali pengine. Mwezi Novemba 1965 serikali ya Kisovieti ilitoa amri kiundwe.

Sasa kila sehemu ya kile kiwiliwili ina kazi yake. Mwili mpana ni makao ya injini za kunyanyua na papo hapo ni bawa. Kingo za ubavuni ni mahali pa maboya. Yale maboya ya kujazwa hewa yalikuwa na urefu wa mita 14 na kipenyo cha mita 2.5, yamegawanywa ndani vyumba vyumba ili moja likitoboka chombo kisizame. Jina la Aeroflot ni vazi la kiraia, kama ilivyokuwa kawaida kwa mashine za siri zilizolazimika kuonekana uwanjani mchana.

Na Bartini mwenyewe anastahili kuzungumziwa kidogo, kwa sababu maisha yake yanaeleza ni mtu wa aina gani angethubutu. Alizaliwa mwaka 1897 katika himaya ya Austria-Hungaria, akakulia katika familia ya makabaila huko Fiume, mji wa bandari ambao leo ni Rijeka ya Kroatia. Mwaka 1921 aliingia Chama cha Kikomunisti cha Italia. Alisomea uhandisi Milano, na Mafashisti walipokwisha kutwaa madaraka akahamia Umoja wa Kisovieti, mwaka 1923. Miaka kumi baadaye ndege yake ya majaribio, Stal-6, ilifikia kilomita 420 kwa saa, kasi ambayo ndege za kivita za nchi hiyo hazikuwa nayo. Ikafuata Stal-7, ya abiria.

Mwaka 1938, katika misako ya Stalin, alikamatwa na kuhukumiwa miaka kumi. Aliwekwa kwenye ofisi za usanifu zilizokuwa ndani ya kifungo, ambako Andrei Tupolev pia alikuwa akichora ndege huku analindwa kwa bunduki. Agosti 1939, Bartini akiwa mfungwa, Stal-7 yake iliondoka Moscow ikazunguka kwa Sverdlovsk na Sevastopol na kurudi Moscow, zaidi ya kilomita 5,000 bila kutua, kwa wastani wa kilomita 405 kwa saa. Ilikuwa rekodi ya dunia. Muundo huo huo ndio uliozaa ndege ya mabomu ya Yer-2. Mwenyewe aliachiliwa mwaka 1946.

Sergei Korolev, aliyeongoza kazi ya kurusha Sputnik, alimhesabu Bartini miongoni mwa walimu wake. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa amri ya VVA-14, Bartini alichapisha katika jarida la Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo makala ya fizikia kuhusu uhusiano wa vipimo vya msingi vya maumbile, na aliyeipeleka makala hiyo jaridani alikuwa mwanafizikia Bruno Pontecorvo. Wanafizikia wengi hawakuelewa waiweke wapi. Ndiye mtu huyo: anayeanza na swali kubwa kuliko alilopewa.

Ndege tatu za majaribio zilipangwa. Ya kwanza ijaribiwe kuruka kwa mabawa peke yake, ikitumia uwanja wa kawaida; ya pili ibebe injini zote za kunyanyua; ya tatu iwe na silaha na vifaa vya kutafutia nyambizi. Kilicholala Monino ni ile ya kwanza. Tarehe 4 Septemba 1972, rubani wa majaribio Yuri Kupriyanov aliirusha kutoka Taganrog, ikiwa na magurudumu yaliyoazimwa kwenye ndege za mabomu zilizokwisha kuwapo. Iliruka vizuri. Hadi majaribio ya angani yalipokoma mwaka 1975, ilikuwa imeruka mara 107 na kukaa hewani jumla ya saa 103.

“Kwa hiyo iliruka,” kijana alisema.

“Iliruka, ndiyo. Lakini haikunyanyuka wima hata siku moja.”

Injini za kunyanyua hazikuletwa. Kiwanda kilichopewa kazi ya kuziunda hakikuzikabidhi, mwaka ukapita, ukafuata mwingine. Mhandisi alipoambiwa hivyo na yule mzee, alinyamaza kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile. Yeye ameyaona hayo kwa macho yake. Katika miaka yake ya kazi, kwenye karakana moja Afrika Mashariki, ndege nzima ilisimama bandani ikisubiri kifaa kimoja kutoka ng’ambo. Mwanzoni mafundi waliifunika vizuri na kuziba matundu ya injini kwa vitambaa vyekundu. Baadaye ndege nyingine ikahitaji pampu, ikachukuliwa pale. Kisha geji. Kisha magurudumu. Kifaa kilichosubiriwa kilipofika, hapakuwa na ndege ya kukifunga. Ilikuwa imechinjwa kama yanavyochinjwa magari pale Gerezani, Dar es Salaam. Tangu hapo, akiona ndege iliyokamilika kila kitu isipokuwa kimoja, haoni ndege inayongoja. Anaona ndege iliyo hatarini.

Desemba 1974 Bartini alifariki Moscow, injini hazijafika. Mwaka uliofuata ndege iliruka ikiwa na maboya yake ya hewa. Lakini aliyekuwa akiisukuma kazi kwa nguvu zake alikuwa hayupo, na hamu ya wakubwa ilikuwa imepungua.

Wakati huo huo, majaribio yalikuwa yameonyesha jambo lingine. Ndege iliposhuka kutua na kufika kimo cha mita kama kumi, ilisita. Hewa iliyobanwa kati ya mwili ule mpana na ardhi iliibeba, mapema na kwa nguvu kuliko hesabu zilivyotabiri. Hali hiyo inajulikana kwa kila rubani: bawa likikaribia ardhi au maji, hewa inayoteremka nyuma yake inakosa pa kwenda, ukinzani unapungua, na chombo kinakuwa kama kimewekewa mto kwa chini. Ndege mwari, anapoteleza juu ya ziwa bila kupiga mbawa huku ncha zikikaribia kugusa maji, anautumia mto huo huo. Kadiri bawa lilivyo pana kutoka mbele kwenda nyuma, ndivyo mto unavyoanzia juu zaidi. Mwili wa Bartini, uliopanuliwa kwa ajili ya injini ambazo hazikuja, ulikuwa bawa pana kupita kiasi.

Watu wa Taganrog hawakuiacha bahati hiyo. Mwaka 1976 waliibadilisha ndege kuwa chombo cha kuteleza karibu na maji, wanachokiita Warusi ekranoplani. Maboya ya hewa yaliondolewa, yakawekwa magumu ya chuma. Mwili ulirefushwa kwa mbele, na injini mbili zaidi zikafungwa, moja kila upande wa pua, zipulize hewa chini ya ule mwili mpana ili mto ujazwe chombo kikiwa bado hakijapata mwendo. Kuanzia hapo, ukikitazama kwa mbele, unaona pua katikati na injini huku na huku: vichwa vitatu vya lile joka. Kilikimbizwa majini kwa majaribio, halafu kazi ikafungwa.

Hili ndilo lililokuwa likimtatiza mhandisi tangu alipofika, na hakulisema mpaka mzee alipolieleza. Shingo ilikuwa ndefu mno. Kwa ndege ya kunyanyuka wima, kurefusha pua mbele ya kitovu cha uzito ni kujiletea taabu, na hakuna msanifu wa kiwango cha Bartini angefanya hivyo bila sababu. Mzigo wa shingo ile haukuwa wa ndege iliyochorwa mwaka 1965. Ulikuwa wa chombo kingine kilichojengwa juu ya kile cha kwanza. Kwa hiyo anayejaribu kukilinganisha kilichopo Monino na picha za mwaka 1972 atashindwa, atadhani ni vitu viwili tofauti, na kwa namna fulani atakuwa anaona sawasawa.

Si wageni wa makumbusho peke yao waliowahi kutatizwa na vyombo vya aina hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960, picha za setilaiti za Marekani zilionyesha kitu kikubwa mno kwenye Bahari ya Kaspi: urefu wa zaidi ya mita 90, mabawa mafupi yasiyolingana na mwili. Wachambuzi walikaa nacho muda mrefu. Kama ni ndege, mabawa yale yangeinyanyuaje? Kama ni meli, mkia ule wa nini? Waliliita Dubwana la Bahari ya Kaspi. Lilikuwa KM, ekranoplani ya Rostislav Alekseyev, iliyoruka kwanza mwaka 1966 ikiwa na injini kumi za jeti na kuweza kubeba uzito wa jumla wa tani zaidi ya 500. Ilianguka na kuzama mwaka 1980. Mabawa mafupi, yaliyoonekana kuwa kasoro, ndiyo yaliyokuwa jibu: chombo cha kuteleza mita chache juu ya maji hakihitaji marefu. Waliotazama kwa macho ya ndege waliona kasoro, na waliotazama kwa macho ya meli waliona kasoro pia.

Mjini Moscow kwenyewe mtu anaweza kuona ekranoplani iliyokamilika, Orlyonok, kwenye makumbusho ya wanamaji ya Tushino, ikiwa na injini kubwa ya mapangaboi juu kabisa ya mkia. Mpwa alikuwa amekwisha kuiona. Alipoambiwa aitofautishe na hii ya Monino, alijibu bila kusita kwamba ile ina tumbo la meli, na hii haina. Mjomba wake aliridhika na jibu hilo kuliko angetajiwa mwaka wa kuundwa.

Jinsi kiwiliwili kilivyofika Monino ni sehemu ya habari yake. Mwaka 1987 kilifunguliwa vipandevipande Taganrog na kusafirishwa kwa tishari kupitia mito na mifereji hadi karibu na Moscow. Baada ya kushushwa kilikaa bila ulinzi wa kutosha, kikanyofolewa. Vilivyong’olewa vilipotea, na vilivyovunjika vilibaki vimevunjika. Kufikia kwenye majani ya makumbusho kilikuwa kama kinavyoonekana leo, mwili na mabawa vimetengana. Yule mzee aliyasimulia hayo kwa sauti ya mtu anayezungumzia msiba wa nyumbani kwake, na mhandisi akampa pole kwa Kirusi.

Kwenye treni ya kurudi mjini, mjomba na mpwa walibishana kuhusu namna ya kukitengeneza. Kijana alitaka kirudishwe kama kilivyokuwa Septemba 1972: shingo fupi, mabawa, mkia, magurudumu, ili mtoto anayepita aone ndege iliyoruka mara 107. Hoja yake ina uzito, kwa sababu kitu kisichofanana na ndege hakiombi kutazamwa, na kisichotazamwa hakipati fedha za rangi.

Mhandisi alikataa. Kuifupisha shingo ni kuikata miaka ya 1976 na kuendelea, na kuwafuta mafundi wa Taganrog walioona mto wa hewa wakaamua kuufuata. Angependa mabawa yaliyopo yapelekwe mahali pake, hata kama hayataunganishwa. Angependa maboya yaundwe upya kwanza kuliko kitu kingine, maana bila hayo hakuna mgeni atakayejua kwamba hiki ni chombo cha baharini. Na mahali pa injini kumi na mbili pasijazwe na injini za bandia. Paachwe wazi, na kibao kieleze zilikuwa zifanye nini, za kilo ngapi kila moja, na kwamba hazikuletwa.

“Na huyo mtoto anayepita, Mjomba? Atajuaje ilivyoruka?”

“Watengeneze mfano mdogo wa ile ya 1972, waufunge kwenye nguzo hapo pembeni. Huyu wamwachie shingo yake.”